Neno Alilopewa Marietha

Kwa miaka mitatu, kila jioni kabla kuku hawajaanza kupanda kwenye mti wao, Antipasi Alute alichukua kipande cha kitenge kuukuu, akazunguka nyuma ya nyumba yake pale Misigiri, akakatisha shamba la alizeti, akaenda kufuta vumbi kwenye kaburi la mkewe. Alianzia juu, kwenye msalaba. Akashuka kwenye jina, MARIETHA. Kisha akamalizia kwenye neno lililokuwa chini ya jina, na hapo ndipo alipokawia, maana vumbi la barabara kuu lina tabia ya kuingia ndani ya herufi na kujikunyata humo. Alilitoa kwa ncha ya kidole, herufi moja baada ya nyingine. RELICT. Akimaliza alikaa chini, akaegemea saruji iliyokuwa imekunywa jua mchana kutwa, na joto lile likamwingia mgongoni kama la mtu aliyelala upande wa pili wa kitanda.

Halafu alirudi ndani kupika. Unga aliupima kwa bakuli la Marietha, na bakuli la Marietha lilikuwa la watu wawili. Kwa hiyo kila siku ugali ulibaki, na kila siku kuku walikula sehemu ya marehemu.

Huyu Antipasi alikuwa fundi wa makaburi. Wapo mafundi wa nyumba, wapo wa visima na matangi. Yeye kazi yake ilikuwa kuwajengea waliolala. Watu wa Iramba walimfuata msiba ukishapoa, mtama ukiwa umeshaingia ndani na ndugu wa mbali wamesharudi nyumbani. Alikwenda na baiskeli, mbao za boksi la kumiminia zege nyuma, na mfuko wenye mwiko, nyundo, tindo, pimamaji na spoki moja ya baiskeli aliyoinoa ncha. Hiyo spoki ndiyo ilikuwa kalamu yake.

Kuandika kwenye saruji kuna saa yake. Ukishapiga niru, ule uji mwembamba wa saruji unaolainisha uso wa kaburi, lazima usubiri. Ukiandika mapema herufi zinajifunga zenyewe kama kidonda. Ukichelewa zinamomonyoka. Antipasi aliigusa niru kwa mgongo wa kidole. Ikiwa baridi na haigandi kidoleni, basi, wakati ndio huo, nao ni mfupi. Wala hakuanza kuandika mwanzoni kama mtoto wa shule. Alihesabu herufi, akatafuta katikati ya jina, akatia nukta kwa spoki, akaenda nje: moja kulia, moja kushoto, moja kulia, moja kushoto, mpaka jina likasimama wima, mabega sawa. Aliandika majina kwa zaidi ya miaka arobaini bila hata mara moja kuyasoma kama watu wanavyosoma. Kwake yeye jina lilikuwa kitu cha kufungua kuanzia kifuani.

Ujuzi huo aliupata Kilimatinde. Alikuwa na miaka kumi na tisa, shule alikuwa ameishia darasa la nne, akaondoka nyumbani kwenda kutafuta kazi, kwa miguu na kwa malori, mpaka akajikuta juu ya kile kilima ambako mtu akisimama anaiona nchi ya Ugogo imetandazwa chini kama ngozi inayoanikwa. Misheni walikuwa wanatengeneza ukuta wa makaburi yao ya zamani. Msimamizi wa kazi aliitwa Mazengo, mtu wa kifua kipana, aliyevaa koti hata jua likiwa la kupasua mawe. Alimpa Antipasi ndoo na brashi, akamwambia ayasugue mawe ya makaburi.

Kwenye kona kulikuwa na jiwe limesimama nusu. Kipande chake cha chini kilikuwa kimevunjika na kupotea, wengine wakisema kimekwenda kufuliwa nguo mahali fulani. Kwenye nusu iliyobaki kulikuwa na maneno mawili tu, HANNAH, na chini yake RELICT, halafu ufa. Maneno mawili, kila moja herufi sita, moja limekaa juu ya lingine bila kuzidiana hata unywele. Antipasi alikuwa hajaona kitu kilichopangwa vizuri namna ile. Alichana mfuko wa saruji, akaubandika kwenye jiwe, akausugua na mkaa, na herufi zikatokea nyeupe kwenye weusi.

"Mzee Mazengo," akauliza, "hili la juu ni jina. La chini ni nini?"

Mazengo akalitazama jiwe. Akatazama mbingu. Akakohoa.

"Hilo?"

"Ndiyo."

"Hilo ni neno la heshima. Wazungu wanamwandikia mwanamke aliyetulia nyumbani kwake mpaka mwisho. Siyo kila mwanamke. Si unaona wengine wamelala hapa bila?"

"Linatamkwaje?"

"Halitamkwi. Linaandikwa tu. Beba ndoo."

Aliporudi Misigiri alikuwa na ufundi mikononi na lile karatasi la mkaa limekunjwa mfukoni. Na lile neno hakulitawanya ovyo. Alilitunza kama mtu anavyotunza asali ya mgonjwa. Katika miaka yote hiyo, kabla ya Marietha, aliwapa wanawake wanne tu. Watatu walikuwa vikongwe waliolea wajukuu mpaka wajukuu wakazaa. Wa nne alikuwa Evodia wa Ulemo, mke wa Hosea mfuga nyuki, mwanamke ambaye hakuna mgeni aliyetoka kwake na njaa. Basi watu wakaanza kuliona, wakaanza kuliomba.

"Fundi, mama yetu naye mwandikie lile neno," walimwambia siku moja watoto wa mama mmoja aliyekuwa na ulimi wa kuchanja.

"Mama yenu nilimfahamu."

"Ndiyo maana tunakuomba wewe."

"Na ndiyo maana nakataa."

Marietha alikuwa akimchekechea mchanga. Kila kazi ya kaburi ilianzia kwenye chekecheo la Marietha, maana mchanga ukiwa na punje moja nene, spoki inaigonga na herufi inaruka. Siku moja, chekecheo likiwa mkononi, alimuuliza mumewe:

"Na mimi utaniandikia lile?"

"Wewe bado ninakuchunguza."

"Miaka thelathini unanichunguza?"

"Kazi nzuri haina haraka."

Marietha akacheka, akaligonga chekecheo kwa kiganja, vumbi likampaa Antipasi usoni.

Alipokufa, ugonjwa ulikuwa wa wiki mbili tu, tumbo. Jesca, mtoto wao wa pekee, mwalimu wa hisabati huko Tabora, alitaka kaburi la marumaru lenye picha, kama yanavyojengwa mjini. Antipasi alikataa. Alichekecha mchanga mwenyewe, kwa mara ya kwanza, na aliuchekecha vibaya. Alipiga niru, akaigusa kwa mgongo wa kidole, akaandika jina, na chini yake akaandika neno lile kwa herufi kubwa kuliko zote alizowahi kuandika.

"Baba, maana yake nini hasa?" Jesca aliuliza.

"Heshima."

Jesca akalitazama, akamtazama baba yake, akaacha.

*

Mwezi wa sita, mavuno yakiwa yamekwisha, alifika mwanamke mmoja kutoka Kiomboi. Aliitwa Mwalimu Severina. Alikuwa amefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka thelathini na nne, sasa amestaafu, na mumewe Abraham alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuja kuagiza kaburi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Pole na safari. Pole na yote."

"Nimeshapoa. Naomba kwanza nione mkono wako ulivyo."

Antipasi hakuwa na kazi nyingine ya karibu. Alimpitisha kwenye mabua ya alizeti, akamsimamisha mbele ya Marietha. Mwalimu akavaa miwani. Aliyatazama mabega ya jina, akaitikia kwa kichwa. Halafu macho yake yakashuka chini, yakasimama hapo.

"Samahani, fundi. Mama alikuwa ameolewa kabla yako?"

"Hapana. Nilimwoa akiwa binti."

"Au ulimrithi? Kwa kaka yako labda?"

"Mwalimu, hayo maswali ni ya mahakamani! Marietha hakuwa na mume mwingine, na hakurithiwa na mtu. Ni mimi tu."

"Nisamehe. Nauliza kwa sababu ya hili neno."

"Hilo ni la heshima."

"Nani alikuambia?"

"Msimamizi wangu. Kilimatinde, zamani."

"Fundi, naweza kuagiza kaburi langu nikaenda zangu. Au naweza kukwambia. Chagua wewe."

"Mtu akishasema hivyo," Antipasi akajibu, "kuna kuchagua tena hapo?"

Basi mwalimu akachuchumaa mbele ya kaburi, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza, kama alivyozoea ubaoni.

"Hiki ni Kiingereza cha zamani. Siku hizi hata Waingereza wenyewe hawalisemi neno hili mdomoni. Utalikuta kwenye mawe ya makaburi, na kwenye karatasi za zamani za mirathi. Maana yake ni mjane. Lakini ukifuata lilikotoka, limetoka kwenye Kilatini, lugha ya Warumi, na huko lilikuwa kuacha. Kuacha kitu nyuma ukaenda zako. Kwa hiyo huyu ni yule aliyeachwa nyuma. Walikuwa wakiandika jina la mwanamke, halafu hili neno, halafu jina la mumewe: fulani, aliyeachwa na fulani. Ikimaanisha mume alitangulia kufa, mke akabaki."

"Lile jiwe lilikuwa limevunjika chini," Antipasi akasema polepole.

"Basi jina la mume lilikuwa kwenye hicho kipande."

Upepo ulipita kwenye mabua makavu. Severina akaendelea, sauti imeshuka:

"Na wataalamu wa miti na wanyama bado wanalitumia. Kama palikuwa na msitu mkubwa, ukaisha wote, ukabaki mti mmoja wa aina ile mahali pa peke yake, huo wanauita hivi hivi. Wenzake wameondoka, wenyewe upo."

"Kwa hiyo hapa nimeandika nini?"

"Umeandika kwamba mumewe alikufa, akamwacha."

"Lakini mume ni mimi."

"Ndiyo."

"Na mimi sijafa. Aliyekwenda ni yeye. Kwa hiyo aliyeachwa…"

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya khanga, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

"Kwa Abraham uandike jina na miaka tu," alisema aliposimama. "Hilo neno kwa haki ni langu mimi, na mimi bado natembea."

*

Jioni ile Antipasi hakufuta vumbi. Alisimama ukingoni mwa shamba, kitambaa mkononi, kama mgeni aliyefika nyumba ya watu akakuta kimya. Alimkumbuka Mazengo alivyoitazama mbingu na kukohoa. Hakumkasirikia. Msimamizi mwenye koti atawezaje kumwambia kijana mwenye ndoo kwamba hajui?

Kilichomwelemea kilikuwa kingine. Katika maisha yao Marietha hakupata vingi kutoka kwake. Cherehani aliyoahidiwa mwaka wa kwanza wa ndoa haikufika mpaka anazikwa. Bati la nyumba lilikuja wakiwa wameshazeeka. Antipasi alijifariji kwa kitu kimoja, kwamba mwishoni alimpa lile ambalo hakumpa mwanamke mwingine kwa moyo wote. Sasa kitu hicho ndicho kilikuwa kinamsingizia. Kila mpita njia mwenye elimu angeweza kusimama pale na kuuliza kama Marietha alirithiwa. Akiliacha neno, anamwacha mkewe kwenye uongo. Akilivunja, anakuwa hakumpa kitu.

Akawahesabu wengine. Wale vikongwe watatu waume zao walitangulia kufa, kwa hiyo kwao neno lilikuwa limeangukia mahali pake bila yeye kujua. Akabaki Evodia wa Ulemo. Hosea mumewe alikuwa hai, au walau mwaka juzi alikuwa hai.

Siku ya pili, alfajiri, alifunga mfuko wake wa kazi kwenye baiskeli, akaenda kusema kosa.

Alimkuta Hosea uwanjani, amekaa kwenye kigoda, anachonga mfuniko wa mzinga. Alikuwa amekonda, shati limekuwa kubwa.

"Hodi hapa!"

"Pita tu. Mbwa alikufa."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, bwana mdogo. Nani wewe? Macho haya yameanza kunigomea."

"Antipasi. Fundi, wa Misigiri. Niliyemjengea Evodia."

"Aa! Mbona umezeeka hivyo?"

"Hata wewe."

"Mimi ni haki yangu. Wewe una miaka mingapi, sabini? Kijana kabisa. Kaa hapo."

Antipasi alikaa kwenye gogo. Hakutaka kula chakula cha mtu kabla ya kusema lililomleta, kwa hiyo alilisema lote, kuanzia jiwe la Kilimatinde mpaka kidole cha mwalimu. Hosea aliendelea kuchonga, taratibu, halafu kisu kikasimama.

"Rudia hapo mwisho."

"Neno lina maana mume alikufa kabla ya mke."

"Mume yupi?"

"Wewe, kaka."

"Mimi nimekufa?"

"Kwa jinsi kaburi linavyosema."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoliandika. Miaka tisa."

Hosea akaweka kisu chini. "Miaka tisa mimi ni marehemu," alisema, "na hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kunipa pole!" Akacheka mpaka akakohoa, akajipiga paja, akacheka tena. Kisha kicheko kikakatika katikati, kama kamba ya kisima.

"Ingawa siyo uongo sana," akasema. "Mara ya mwisho mtu kuingia kwenye uwanja huu ilikuwa kabla ya Pasaka. Naye alikuwa amepotea njia."

Nyuki mmoja alizunguka mfuniko mpya, akaona bado, akaondoka.

"Nimekuja na tindo," Antipasi akasema. "Ukitaka nilitoe, nitalitoa. Ukitaka niliache, wewe ndiye mwenye kaburi."

"Litoe. Watu wakisahau kwamba nipo, wasahau wenyewe. Jiwe lisiwasaidie."

Kazi ilichukua siku mbili. Siku ya kwanza Antipasi alizigonga herufi moja moja, kuanzia nje kwenda katikati, kinyume cha alivyoziandika, na kila nyundo ilipotua Hosea alifumba macho. Ilipokwisha, chini ya jina la Evodia palikuwa na mtaro mweupe, umeparuka.

"Sasa anaonekana kama mtu aliyeng'olewa meno," Hosea akalalamika.

"Kesho nitaziba."

Jioni Hosea alipika ugali wa mtama na mlenda, na asali kwenye kikombe kilichopasuka mpini. Alileta beseni la maji. Antipasi aliingiza mikono yake, Hosea akaingiza yake baada yake, na Antipasi akakumbuka kwamba hakuwa amenawa na mtu kwenye beseni moja tangu siku za msiba. Walikula sahani moja, wakazungumza Kinyiramba cha wazee, maneno ambayo Antipasi hakuwa na wa kumwambia kwa muda mrefu. Walishiba, na ugali ukabaki mwingi.

"Unga unapima kwa nini?" Antipasi akauliza.

"Kwa kibuyu cha Evodia."

Hakuna aliyecheka.

Siku ya pili aliziba mtaro, akapiga niru juu yake. Wakakaa wawili kuisubiri ishike, wanaitazama kama watu wanaosubiri maziwa yachemke. Antipasi akaigusa kwa mgongo wa kidole.

"Tayari, kaka. Sema upesi. Niandike nini?"

"Mke wa Hosea."

Antipasi akahesabu, akatia nukta, akaandika kulia na kushoto mpaka likatimia.

"Pamebaki nafasi chini."

"Ongeza hapo: Hosea yupo."

"Kaka, hayo hayaandikwi kaburini. Na siku usipokuwepo?"

"Siku hiyo itabidi mtu aje alifute," Hosea akasema. "Si atakuwa amekuja?"

Niru haingoji mjadala. Antipasi akaandika. HOSEA YUPO. Hosea akasogea mpaka pua ikakaribia saruji, akalisoma kwa sauti mara mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Wakati wa kuagana alitoa simu ndogo iliyofungwa kwa mpira. "Nipe namba yako. Nitakuwa nakupigia kuangalia kama umekufa."

"Na mimi nikupigie?"

"Wewe usinipigie, salio utamaliza bure. Uhai wangu umeshauandika kaburini."

*

Kaburi la Marietha alilifanya peke yake, asubuhi moja. Alitandika gunia chini ili vipande vya saruji visipotee mchangani, akagonga kuanzia nje kwenda katikati, na kila herufi ilipotoka aliiweka kwenye karai. Alichekecha mchanga. Safari hii aliuchekecha vizuri, mara tatu, akaligonga chekecheo kwa kiganja kama alivyokuwa akigonga Marietha. Akaziba, akapiga niru, akasubiri.

Ilipokuwa baridi na haigandi, akachukua spoki.

Aliwaza kuandika Mke wa Antipasi. Lakini Hosea alikuwa amelisema lile kwa kinywa chake mwenyewe, na yeye angelikuwa analiiba. Aliwaza Mama Jesca. Kila mtu alimwita hivyo, hata wauza dagaa. Aliwaza Mchekechaji, akatabasamu, akaona Marietha asingependa kulala na kazi. Aliwaza jina lile alilomwita wakiwa wawili tu ndani, lakini hilo halikuwa la wapita njia. Spoki ikakaa hewani. Alisikia malori yakipita barabarani, moja, jingine. Alipoigusa niru tena, ilikuwa imeshakauka.

Kwa mara ya kwanza katika ufundi wake aliacha niru ikauke bila kuandikwa. Chini ya MARIETHA pakabaki laini, patupu. Akapitisha kiganja hapo. Hapakuwa na kitu cha kumsingizia mtu.

Zilibaki zile herufi kwenye karai. Mwashi hatupi kokoto. Antipasi alisogeza mbao zake za boksi kando ya kaburi, akachanganya zege, akavimimina vile vipande ndani yake, akajenga benchi. Mbao zilikuwa za urefu wa kaburi na hakutaka kuzikata, kwa hiyo benchi likatoka refu, la watu wawili. Juu yake akapiga niru. Na kwenye upande wa kushoto, pale anapokaa mwenyewe, aliandika neno lile. Hakutafuta katikati. Alianza mwanzo kama mtoto wa shule, R, halafu E, halafu L, akilisoma jinsi linavyokuja. Alipofika kwenye T nafasi ilikuwa imembania, herufi ikainama upande. Akaiacha hivyo hivyo.

Martina, jirani yake, alipita na ndoo ya maji kichwani, akasimama.

"Baba Jesca, umeandika nini hapo kwenye benchi?"

"Jina langu."

"Jina lako si refu zaidi?"

"Limepungua."

Martina alimtazama, akasema "pole, baba" kwa sauti ndogo, akaenda zake bila kuuliza zaidi.

Jesca alipiga simu mwisho wa mwezi. Alikuwa aje likizo ile, lakini shuleni wamepangiwa masomo ya ziada kwa wa mitihani, angejitahidi Desemba. "Hakuna shida, mwanangu," Antipasi akamwambia, na akamwambia kwamba alizeti imeshapukuchuliwa, kwamba kuku mmoja ana vifaranga kumi na mmoja, kwamba bati halivuji. Habari ya neno hakuitaja. Angeiona mwenyewe Desemba, akija.

Siku hizi akienda kule nyuma jioni anafuta msalaba, anafuta jina, na pale patupu napo anapafuta. Kisha anakaa. Akiwa amekaa, neno halionekani, liko chini yake. Ni akiondoka ndipo mtu anaweza kulisoma, na upande wa kulia wa benchi unabaki kama ulivyotoka kwenye mbao, haujachakaa hata kidogo.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, simu inalia. Mara ya kwanza alidhani ni Jesca, akaifuata mbio ndani.

"Bwana mdogo," sauti ikasema, na nyuma yake nyuki wanasikika. "Upo?"

"Nipo, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Basi, nilitaka hilo tu."

Simu ikakatika. Antipasi alibaki ameishika sikioni kidogo, kisha akatoka nayo uani, akaenda mpaka kwenye benchi, akaiweka upande wa kulia.